Kava la simu: Tazama pembe kabla ya rangi

Na Mwandishi Wetu

HUCHUKUA chini ya nusu sekunde. Simu inateleza kutoka mkononi mwa abiria anayeshuka kwenye daladala, inapinduka hewani, na kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kushtuka, mlio wa kioo umekwisha kusikika juu ya lami. Kinachofuata ni ukimya mfupi wa mtu anayeogopa kuigeuza simu yake atazame upande wa pili.

Kwa mkazi wa mjini, hofu hiyo ina sababu. Simu ya daraja la kati, ile isiyo ya bei ya chini kabisa wala ya matajiri, kwa wengi ni akiba ya miezi kadhaa. Humo ndimo anamotumia M-Pesa au Airtel Money, ndimo zilimo picha za biashara, ujumbe wa kazini na namba za watu ambazo siku hizi hakuna anayezikariri. Wapo pia walioinunua kwa malipo ya kidogo kidogo, utaratibu uliopata umaarufu nchini Kenya baada ya Safaricom kuanzisha mpango wake wa Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020. Deni la namna hiyo halifutiki kwa kuwa kioo kimepasuka.

Kubadilisha kioo cha simu ya daraja hilo, hasa chenye teknolojia ya AMOLED, hugharimu sehemu kubwa ya bei ya simu nzima. Kava, kwa upande mwingine, ni kitu cha bei ndogo. Pamoja na hayo, mbele ya vibanda vya simu vya Mtaa wa Agrey, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, au vile vya Luthuli Avenue jijini Nairobi, swali la kwanza la mnunuzi mara nyingi ni hili: "Zipo rangi gani?"

Swali hilo halina ubaya, ila halipaswi kuwa la kwanza. Ili kuelewa kwa nini, ni vyema kujua kwanza jinsi simu inavyovunjika.

Simu yenye uzito wa gramu 200 ikianguka kutoka kimo cha mita moja hufika chini ikiwa na mwendo wa takriban kilomita 16 kwa saa. Mwendo huo lazima uishie mahali fulani. Ikiwa simu itasimama ndani ya umbali wa milimita moja tu, nguvu inayoipiga kwa wastani inalingana na uzito wa kilo 200, yaani magunia mawili ya mahindi yaliyowekwa juu yake kwa kitambo kifupi mno. Umbali huo wa kusimama ukiongezeka hadi milimita tatu, nguvu hupungua hadi theluthi moja. Ndiyo maana mtu anayedaka yai hurudisha mkono nyuma badala ya kuukaza.

Kazi kubwa ya kava ni hiyo: kubonyea kidogo ili simu isimame polepole. Kwa kuwa simu ni nadra kuanguka ikiwa bapa kabisa, mara nyingi kinachogusa chini kwanza ni pembe au ukingo. Hapo nguvu yote hukusanyika kwenye eneo dogo, na kioo kina udhaifu zaidi kwenye kingo zake kuliko katikati. Mgongo wa kava, ambao ndio wenye rangi na maua yanayovutia macho, ndio wenye kazi ndogo zaidi siku ya ajali.

Kwa msingi huo, yapo mambo matatu ambayo mnunuzi anaweza kuyakagua mwenyewe papo hapo kibandani, bila ya kuwa fundi.

La kwanza ni ulinganifu. Majina ya simu yamekaribiana mno. Redmi Note 13, kwa mfano, iliuzwa katika matoleo ya 4G na 5G ambayo vipimo vyake havilingani, na Galaxy A05 ina kamera mbili nyuma ilhali A05s ina tatu. Kava la moja halikai sawasawa kwenye nyingine. Kabla ya kutoka nyumbani, ingia kwenye Mipangilio, fungua sehemu ya Kuhusu Simu, uandike jina kamili pamoja na namba ya toleo. Kava likilegea, simu itachomoka wakati wa kuanguka. Likibana mno, litafinya vitufe na kuinua kioo cha kinga kilichobandikwa juu.

La pili ni ukingo wa mbele. Vaa simu kava hilo, kisha uilaze kifudifudi juu ya meza iliyonyooka ya muuzaji. Kioo hakipaswi kugusa meza. Jaribu kupitisha kipande cha karatasi chini yake. Kikipita kwa urahisi, ukingo umeinuka vya kutosha. Jaribio hilo lifanyike kioo cha kinga kikiwa kimekwisha kubandikwa, kwa kuwa nacho huongeza unene na kupunguza kimo cha ukingo. Fanya vivyo hivyo upande wa kamera.

La tatu ni pembe nne. Zibonyeze kwa kidole gumba. Pembe nzuri ni nene kuliko sehemu nyingine za kava, hubonyea kidogo na kurudi. Baadhi ya makava yana vifuko vidogo vya hewa kwenye pembe kwa ajili hiyo. Pembe nyembamba kama karatasi, au iliyokatwa wazi ili simu ionekane, ni dalili kwamba kava limetengenezwa kwa ajili ya mapambo.

Baada ya hapo ndipo huja suala la malighafi. Plastiki ngumu ya polikaboneti huzuia mikwaruzo vizuri na haitanuki, lakini ikiwa peke yake haibonyei, hivyo hupitisha mshtuko hadi kwenye simu. Silikoni hubonyea na kushika mkononi, ila huvuta vumbi na hukwama mfukoni. TPU, ambayo ni plastiki yenye tabia ya mpira, ina sifa za pande zote mbili na ndiyo inayotumika katika makava mengi angavu, yakiwemo yale ambayo simu nyingi za Tecno, Infinix na Redmi huuzwa nayo ndani ya boksi. Kasoro yake ni kugeuka rangi ya njano kutokana na jua, joto na mafuta ya mikono. Umanjano pekee hauondoi kinga. Kava linalostahili kutupwa ni lile lililopasuka pembeni au kulegea.

Makava yanayounganisha plastiki ngumu mgongoni na TPU pembeni huwa chaguo zuri kwa mtu wa kazi za kutembea. Yale yanayofungwa kama kitabu hufunika kioo, lakini hayana msaada mkubwa simu ikianguka wakati inatumika, kwani huwa yamefunguliwa. Isitoshe, sumaku ya kifungio chake huweza kuipotosha dira ya simu, jambo ambalo Muislamu anayetafuta kibla kwa simu, au dereva anayetumia ramani, anapaswa kulikumbuka.

Mnunuzi ajihadhari pia na maneno yaliyoandikwa kwenye boksi. Makava mengi hutangazwa kuwa ya "kiwango cha kijeshi," kwa kurejea mwongozo wa majaribio wa jeshi la Marekani uitwao MIL-STD-810. Mwongozo huo upo kweli. Katika toleo lake la mwaka 2008, jaribio la kuangusha vifaa vidogo lilitaka kuanguka mara 26 kutoka kimo cha sentimita 122, ili kila upande, kila ukingo na kila pembe ipate zamu yake. Hata hivyo, sakafu iliyotajwa kwa jaribio hilo ilikuwa plaiwudi ya unene wa takriban sentimita tano iliyolazwa juu ya zege, na iliruhusiwa kugawa mianguko hiyo 26 kati ya vifaa visivyozidi vitano. Tena, jeshi halitoi cheti kwa makava yanayouzwa madukani. Watengenezaji hujipima wenyewe au huajiri maabara. Lami na vigae vya mjini si plaiwudi.

Jambo jingine ni joto. Kampuni za Apple na Samsung hushauri simu zao zitumike mahali penye nyuzi joto kati ya 0 na 35 za Selsiasi. Kwenye miji ya pwani, mchana wa Januari na Februari hukaribia kikomo hicho hata kabla simu haijawashwa. Kava nene huzuia joto kutoka, na joto hufupisha maisha ya betri. Simu ikipata moto wakati wa kuchajiwa, ivue kava mpaka ipoe.

Aidha, kava haliwezi kila kitu. Halizuii maji kuingia, na kwa kuwa limeacha uso wazi, halizuii kioo kugongwa na ncha ya jiwe. Kazi hiyo ni ya kioo cha kinga, na viwili hivyo hufaa kwenda pamoja. Wapo wanaojiliwaza kwamba simu zao zina kioo imara cha Gorilla Glass. Kioo hicho huimarishwa kwa kutumbukizwa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa, na ngozi yake ya juu hubanwa kiasi cha kuwa ngumu kupasuka. Lakini mkwaruzo wenye kina ukiivuka ngozi hiyo, uimara wake hupungua sana. Chembe za mchanga zina ugumu wa kutosha kufanya hivyo, na hupenda kujificha kati ya kava na simu. Vua kava angalau mara moja kwa wiki, ulioshe kwa maji na sabuni, uikaushe vizuri ndani yake, na uifute simu kwa kitambaa laini.

Mwisho, jaribu kila kitu kabla ya kulipa: tundu la chaji, vitufe vya sauti, na hasa kitufe cha pembeni chenye kusoma alama za vidole, kilichopo kwenye simu nyingi za daraja hili. Kikifunikwa, simu haitafunguka kwa kidole.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Dakika tano za kubonyeza pembe na kupitisha karatasi chini ya kioo hazimgharimu mnunuzi chochote. Makava yaliyofaulu majaribio hayo yakiwa zaidi ya moja, hapo ndipo muuzaji aulizwe zipo rangi gani.