Mtoto Anapopiga Mayowe: Angalia Kabla na Baada

Mara nyingi mama huja kwetu akisema: "Sista, huyu mtoto amenishinda. Nikimchapa anazidi, nikimwacha anajigaragaza chini." Wengine wana mtoto mwenye usonji asiyesema neno, na majirani wamekwisha kuwaambia kwamba amerogwa. Tabia ya mtoto ina sababu, nayo yaweza kutafutwa.

Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha kwamba panya aliyepata chakula kila alipobonyeza wenzo aliendelea kuubonyeza. Chakula kilipokoma, hatimaye aliacha. Mwaka 1968 Baer, Wolf na Risley waliandika misingi ya kutumia elimu hiyo kuwasaidia watu.

Tuangalie mambo matatu: kilichotangulia, tabia yenyewe na kilichofuata. Mtoto anaona peremende dukani. Anapiga mayowe. Mama anaona aibu, ananunua. Kesho mayowe yatarudi, kwa sababu yamelipa. Mama naye amejifunza kwamba akinunua, kelele hukoma. Huku ndiko kuimarisha tabia.

Tufanye nini?

1. Chunguza maumivu kwanza: sikio, jino, choo kigumu. Mtoto asiyeweza kusema hulia tu.

2. Kwa wiki moja andika katika daftari mambo yale matatu kila tabia inapotokea.

3. Mfundishe njia nyingine ya kuomba: kunyoosha kidole, kuonyesha picha au kusema "nipe". Mwanzoni mshike mkono, kisha punguza msaada kidogo kidogo. Akiomba vizuri, mpe papo hapo na umsifu.

4. Usilipe mayowe. Siku za mwanzo huenda yakazidi kabla ya kupungua. Ukikubali wakati huo, umemfundisha kwamba akizidisha atapata. Basi baba, bibi na dada wa nyumbani wawe na msimamo mmoja.

Fimbo yaweza kumnyamazisha leo, lakini haimfundishi namna ya kuomba. Wala tusimfungie ndani.

Tahadhari: mtoto anayejigonga kichwa au kujiuma asiachwe hivi hivi. Mzuie asijiumize, na mlete hospitali mapema. Njoo pia na daftari lako. Litatusaidia kujua pa kuanzia.