Hadithi ya bundi na lugha iliyokatazwa

Imezoeleka katika vyumba vya walimu kuzigawa riwaya za vijana mafungu mawili. Kuna zile zinazosemwa kuwa za maisha halisi, ambazo hupewa heshima ya kuchambuliwa darasani; na kuna zile za wachawi, falme za ajabu na wanyama wanaosema, ambazo mwanafunzi huachiwa azisome likizoni kana kwamba ni peremende. Mgawanyo huu una kasoro kubwa. Waama, mojawapo ya vitabu vilivyonifunza mengi kuhusu maisha ya lugha inayodharauliwa kinamhusu mwanamke aliyeumbwa kwa maua kisha akageuzwa bundi.

Asili ya mwanamke huyo ni Mabinogi, hekaya kongwe za Wales zilizohifadhiwa katika miswada miwili mikuu ya karne ya 14. Wasomaji wa Kiingereza walizifahamu kwa mapana kupitia tafsiri ya Lady Charlotte Guest, iliyochapishwa kwa sehemu kati ya 1838 na 1849. Lleu alikuwa amelaaniwa na mamake asipate mke katika jamii ya wanadamu waliopo duniani. Wachawi wawili, Math na Gwydion, wakamuumbia mke kutokana na maua, wakamwita Blodeuwedd. Lakini ua halikuulizwa kama linataka kuolewa. Blodeuwedd akampenda Gronw, wakala njama ya kumuua Lleu, na adhabu yake ikawa kugeuzwa bundi, ndege anayechukiwa na ndege wenzake. Msomaji wa huku kwetu, ambako mlio wa bundi juu ya paa huwanyima watu usingizi, hahitaji kufafanuliwa uzito wa adhabu hiyo.

Katika miaka ya 1960 waandishi wawili walichota katika kisima hicho kimoja kwa namna tofauti kabisa. Lloyd Alexander, Mmarekani aliyefika Wales akiwa askari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliandika vitabu vitano kuhusu nchi ya Prydain kati ya 1964 na 1968. Cha mwisho, The High King, kilitunukiwa Nishani ya Newbery mwaka wa 1969. Mhusika mkuu, Taran, ni mchungaji msaidizi wa nguruwe anayetamani ushujaa. Ni vitabu vya kupendeza. Yumo hata mwimbaji ambaye kinubi chake hukatika uzi kila anapotia chumvi maneno yake, ala ambayo ingewafaa sana wanasiasa wetu. Katika Taran Wanderer kijana huyo anazunguka nchi nzima akiitafuta nasaba yake, na badala ya ukoo wa kifalme anaambulia ujuzi kiasi wa uhunzi na ufumaji, pamoja na uchungu wa kugundua kwamba hana kipaji cha ufinyanzi, kazi aliyoipenda kuliko zote.

Hata hivyo, Alexander aliyachukua majina akayapa kazi nyingine. Arawn, ambaye katika Mabinogi ni mfalme muungwana wa Annwn, kwake ni bwana wa mauti. Gwydion, ambaye katika hekaya aliiba nguruwe kwa hila na kusababisha vita, kwake ni mwana wa mfalme asiye na doa. Sina ugomvi naye, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwatahadharisha wasomaji kwamba Prydain yake si Wales. Lakini hapo ndipo palipo na upungufu: katika Prydain hakuna mtu anayehangaishwa na swali la lugha gani aizungumze.

Alan Garner, Mwingereza, alifuata njia ngumu zaidi. Kabla ya kuandika The Owl Service, iliyotoka mwaka wa 1967 na kupata Nishani ya Carnegie, alijifunza Kiwelisi. Riwaya yake haina falme. Ina bonde moja la Wales, nyumba moja na vijana watatu wa wakati huo: Alison, binti Mwingereza ambaye nyumba ni yake; Roger, mwana wa baba yake wa kambo; na Gwyn, mwana wa mpishi wao, Mwelisi. Sahani za zamani zinapatikana darini, na michoro yake ukiitazama hivi ni maua, ukiitazama vile ni bundi. Kuanzia hapo hekaya inawashika watatu hao na kuwalazimisha kuirudia.

Mamake Gwyn anamkataza kusema Kiwelisi. Hakujinyima miaka yote hiyo mjini Aberystwyth ili mwanawe aongee kama kibarua. Gwyn naye, kwa siri, amejinunulia santuri za mafunzo ya matamshi ili aisafishe lafudhi yake ya Kiingereza. Anamwamini Alison na kumwambia, Alison anamwambia Roger, Roger anamkejeli. Sijui kurasa nyingi za isimujamii zinazoeleza kwa ufasaha kama huo jinsi lugha inavyomfanya mtu aone haya mbele ya wale anaotaka wampende.

Aibu hiyo haikuzuka hivi hivi. Mwaka wa 1847, katika miaka ile ile Lady Charlotte alipokuwa akizitoa tafsiri zake, ripoti ya serikali ya Uingereza kuhusu elimu ya Wales ilikitaja Kiwelisi kuwa kizuizi cha maendeleo ya watu wake. Katika shule kadhaa za karne hiyo mtoto aliyesikika akikisema alivishwa kibao shingoni, akakipitisha kwa atakayemnasa, na aliyekuwa nacho jioni akaadhibiwa. Walimu wa Kenya hawatauliza kibao hicho kilifananaje. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza mwaka wa 1986 jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni walivyosakwa kwa mbinu iyo hiyo kwa kusema Kigĩkũyũ.

Limebaki jambo moja ambalo sijapatana nalo katika riwaya hii. Mwishoni Alison amezongwa na nguvu ya bundi, na anayetarajiwa kumwokoa ni Gwyn, mrithi wa bonde lile na wa hadithi zake, ambazo amezijua tangu utotoni kwa kinywa cha mamake. Gwyn hawezi. Amejeruhiwa mno, kinywa kinakataa neno la huruma. Ni Roger, yule yule mwenye kejeli, anayemeza matusi na kumhimiza Alison aone maua, wala si bundi. Wapo wanaolisifu hitimisho hili kuwa ushindi wa msamaha. Mimi kila nilisomapo humwangalia yule kijana aliyesimama kando, mwenye lugha mbili, asiye na neno hata moja.