Kabla ya kulipia jina la tovuti, mjue atakayekulipa

Kando ya barabara ya Waiyaki Way, mtaani Westlands jijini Nairobi, lipo jengo la Mamlaka ya Mawasiliano ambalo limekuwa makao ya KENIC, shirika linalosimamia majina ya tovuti yanayoishia kwa .ke. Makampuni hupewa .co.ke, mashirika yasiyo ya kibiashara .or.ke, na tangu mwaka 2017 mtu yeyote anaweza kusajili jina linaloishia kwa .ke pekee.

Jina hilo hununuliwa kwa mawakala wa shirika hilo, na bei yake si ya kumtisha mtu. Kilicho ghali ni mwaka mzima ambao kijana aliyehitimu chuo, pengine akiwa na akiba ndogo aliyochangiwa na jamaa zake, atautumia kujenga tovuti kuhusu jambo ambalo hakuna aliye tayari kulilipia.

Wengi huanza na wanachokipenda: kandanda ya Uingereza, muziki, au udaku wa watu mashuhuri. Ni kweli nyanja hizo zina wasomaji tele, lakini wasomaji hao wana pa kwenda kwingi, na mwenye tovuti hubaki akitegemea matangazo yanayosambazwa na Google.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme matangazo yanaleta dola 2 kwa kila kurasa 1,000 zinazofunguliwa. Google hailipi mpaka mapato yafike dola 100, kwa hivyo kurasa 50,000 sharti zifunguliwe kwanza. Ikiwa kila makala husomwa mara 500, hayo ni makala 100. Anayeandika moja kwa siku atasubiri zaidi ya miezi mitatu kupata fedha zisizotosha kodi ya chumba cha mwezi mmoja katika sehemu nyingi za Westlands.

Tovuti za Kenya zilizodumu zilichagua njia tofauti. BrighterMonday, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilishika ajira. Anayetafuta kazi huingia bure, ilhali mwajiri anayetaka nafasi yake ionekane ndiye anayelipa. Cheki ilishika magari, na wenye yadi wakawa ndio wateja. Mwaka 2021 tawi lake la Kenya lilinunuliwa na kampuni ya Autochek. Nyumba za kupanga na kuuza nazo zikawa na tovuti zake, ada zikitoka kwa mawakala.

Jambo linalounganisha nyanja hizo tatu ni kwamba mteja mmoja akipatikana, muuzaji hupata fedha nyingi kwa mkupuo. Mwenye yadi akiuza gari moja tu kutokana na tangazo, ada ya miezi kadhaa imerudi. Muuza mandazi hawezi kusema hivyo, hata tovuti ya mandazi ikisomwa na mji mzima.

Anayetafuta nyanja anaweza kutembea Westlands yenyewe, kutoka Sarit Centre hadi Parklands, akijiuliza ni biashara gani hutafuta wateja wapya kila siku na hupata faida kubwa kwa kila mmoja. Ataona nyumba za kukodisha zenye samani, wapangaji wa harusi na mikutano, maduka ya vifaa vya ujenzi, na kliniki za kila aina. Hapo kuna mtego, kwani kliniki zina fedha, lakini madaktari, sawa na mawakili, hawaruhusiwi na kanuni za taaluma zao kujitangaza watakavyo.

Nyanja ikifinywa zaidi huweza kuwa bora. Badala ya magari kwa jumla, chukua uagizaji wa magari yaliyotumika. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo kila mwaka mpya mpaka huo husogea na maswali huanza upya: ushuru ni kiasi gani, ukaguzi hufanywa wapi, gari huchukua muda gani kutoka Japani hadi Mombasa. Anayeuliza hayo yu karibu kutoa fedha. Tovuti inayoyajibu kwa usahihi, hasa kwa Kiswahili, itawavutia mawakala wa forodha, kampuni za bima na wenye yadi.

Hata hivyo, wingi wa habari pekee si ngao. Mocality, orodha ya biashara iliyoanza nchini mwaka 2010, iliwalipa watu wa kawaida kupitia M-Pesa ili wakusanye majina na nambari za biashara, hata ikapata zaidi ya 100,000. Mnamo Septemba 2011, Google, ambayo afisi zake zilikuwa Westlands, ilizindua mradi wa kuwapa wafanyabiashara wadogo tovuti za bure. Januari 2012 Mocality ilifichua kuwa watu waliofanya kazi katika mradi huo walikuwa wakiwapigia simu wafanyabiashara wa orodha yake. Google iliomba radhi. Mwaka uliofuata Mocality ilifungwa na wenyewe.

Nayo OLX, iliyokuwa soko la kila kitu na kutangazwa kwa kishindo, ilifunga afisi yake ya Nairobi mwaka 2018 na shughuli zake zikauzwa kwa Jiji mwaka 2019. Soko la kila kitu huhitaji mtaji ambao kijana wa kawaida hana.

Njia ya kupima nyanja kabla ya kutumia akiba ni ya miguu. Waendee wauzaji 20, uwaonyeshe karatasi yenye mchoro wa ukurasa, kisha uwaombe walipie mwezi wa kwanza kwa M-Pesa. Sifa zisihesabiwe, Mkenya ni mwepesi wa kumpongeza kijana mwenye bidii na mzito wa kufungua mfuko. Wakilipa watano, kila mmoja shilingi 2,000, tayari kuna shilingi 10,000 kabla jina halijasajiliwa, kiasi kinachokaribia zile dola 100 za matangazo.

Aidha, anayekusanya majina na nambari za simu za watu anabanwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayomtaka aeleze atazitumia kwa kazi gani. Ni vyema maelezo hayo yawe kwenye karatasi hiyo hiyo atakayowapelekea wauzaji 20.