Ardhi ya Gatina Ina Akiba Tunayoipuuza

Februari, saa nane za mchana, darasa la mabati mtaani Gatina huwa kama tanuri. Julai, saa moja ya asubuhi, darasa hilo hilo huwa baridi hata mtoto akashindwa kuishika kalamu. Mwalimu anayelalamika kwamba wanafunzi wake husinzia mwezi huu na kutetemeka mwezi ule hasingizii. Bati ni jembamba mno. Hupokea joto na kulipoteza papo hapo, bila ya kuweka akiba yoyote.

Ilhali akiba ipo, nayo i chini ya nyayo zetu. Ukichimba mita kumi hivi, ardhi haijui Februari wala Julai. Joto lake hukaa karibu na wastani wa hewa wa mwaka mzima, ambao kwa Nairobi ni takriban nyuzi 19. Wenzetu wa Sweden wameitumia siri hii kwa miaka mingi. Hufukia mabomba ardhini na kuzungusha maji ndani yake, kisha pampu ya joto huipasha nyumba wakati wa baridi. Wakati wa hari kazi hugeuzwa, na joto la chumbani likapelekwa ardhini. Kanuni ni ile ile ya friji.

Kwa nini basi hatuizungumzii? Nikiwa mwanaisimu, naona kwamba neno letu wenyewe limetupotosha. Mkenya akisikia "jotoardhi" huwaza Olkaria, ambako mvuke umezalisha umeme tangu mwaka 1981, na pengine shamba la Oserian huko Naivasha, lililoanza mwaka 2003 kutumia joto la kisima kupasha vibanda vya waridi. Hilo ni joto la volkeno, nalo halipatikani Gatina. Neno hilo limetufanya tudhani kwamba ardhi hutoa joto tu, tukasahau kwamba hulipokea na kulihifadhi pia.

Simwambii mwalimu mkuu anayehangaikia chaki akanunue pampu. Mtambo huo ni ghali, huhitaji umeme, na shule nyingi za Gatina zimejengwa katika viwanja finyu. Hata hivyo, kanuni yenyewe haiuzwi. Katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, kule Lang'ata, kuna jengo ambalo hewa yake hupozwa kwa kupitishwa katika matabaka ya mawe. Ukuta mnene wa mawe, sakafu iliyoshikamana na ardhi, dari chini ya bati na madirisha yanayokabiliana huitumia akiba iyo hiyo au huisaidia, na fundi yeyote wa Kawangware anayaweza.

Wanaoidhinisha fedha za madarasa ya umma wanapaswa kuyadai hayo katika kila ramani. Si anasa; mtoto aliyelemewa na hari hafundishiki, awe na mwalimu hodari kiasi gani.

Walimu nao wasingoje ramani. Wanafunzi na wachimbe shimo la mita moja uani, walifunike, kisha wateremshe kipimajoto alfajiri na alasiri, na kingine wakitundike chini ya bati. Waandike tarakimu hizo kwa juma zima. Za bati zitapanda na kushuka. Za shimoni zitabadilika kidogo mno. Wahenga walisema akiba haiozi. Watoto wa Gatina wataisoma wenyewe, kwa nyuzi.