Bima ya Mali na Bima ya Dhima: Kipi Hulipwa, Kipi Hakilipwi

Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliteketeza Soko Kuu la Kariakoo jijini Dar es Salaam. Novemba 16, 2024, katika eneo hilohilo la Kariakoo, jengo la ghorofa lenye maduka lilianguka na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Baada ya kila janga la aina hii, wafanyabiashara huuliza maswali mawili. La kwanza: nani atanifidia mali yangu iliyopotea? La pili: nani atawajibika kwa madhara yaliyowapata watu wengine?

Swali la kwanza hujibiwa na bima ya mali. Swali la pili hujibiwa na bima ya dhima. Hizi ni kinga mbili tofauti, na kuwa na moja si kuwa na nyingine. Katika malalamiko mengi ya madai ya bima, mwenye bima huamini kwamba amekingwa dhidi ya kila jambo, ilhali hati aliyoitia saini inataja mambo machache tu. Sura hii inaeleza namna ya kuisoma hati hiyo kabla ya hasara kutokea, kwa kuwa baada ya hasara haiwezi kubadilishwa.

Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa, na majengo ya biashara na masoko ya umma yakaingizwa miongoni mwa mali ambazo ni lazima zikatiwe bima. Hata hivyo, kutimiza sharti la sheria si sawa na kuwa na kinga inayotosha. Sheria humtaka mwenye jengo awe na bima. Kuhakikisha kwamba bima hiyo inalingana na biashara yake ni jukumu lake mwenyewe.

Majanga yanayotajwa na yasiyotajwa

Msingi wa bima ya mali ya biashara ni bima ya moto. Kwa kawaida, hati yake ya msingi hukinga moto, radi na baadhi ya milipuko. Mafuriko, dhoruba, tetemeko la ardhi, kupasuka kwa mabomba ya maji, ghasia, au gari kugonga jengo, ni majanga ya nyongeza. Hukingwa iwapo tu yameandikwa na kulipiwa ada yake. Mfanyabiashara aliye bondeni asipoomba kinga ya mafuriko, asitarajie kwamba neno "moto" litamfidia maji. Vivyo hivyo, tetemeko lililoikumba Kagera Septemba 10, 2016 lilionesha kwamba janga hili si la nchi za mbali; aliye katika maeneo hayo ana sababu ya kuliulizia.

Yapo pia mambo ambayo bima ya mali kwa desturi hayakingi: uchakavu wa kawaida, uharibifu wa makusudi wa mwenye bima mwenyewe, na vita. Hitilafu ya umeme nayo huleta utata mara kwa mara. Mashine ikiungua kwa hitilafu iliyotokea ndani yake yenyewe, hati nyingi hazilipi mashine hiyo; lakini moto ukisambaa kutoka hapo na kuunguza bidhaa na jengo, madhara hayo ya moto hulipwa. Anayetegemea majokofu, mashine za kusaga au mitambo ya kuchapa anapaswa kuulizia bima ya mitambo.

Wizi una hati yake. Bima ya wizi wa kuvunja hudai dalili za kuvunja: kufuli lililokatwa, mlango uliong'olewa, dirisha lililopasuliwa. Bidhaa zikipungua kidogo kidogo bila dalili hizo, au zikiibwa na mfanyakazi mwenye funguo, kinga inayohusika ni bima ya uaminifu wa wafanyakazi. Fedha taslimu nazo, ziwe kwenye sefu au njiani kwenda benki, huhitaji kinga yake.

Kiasi cha bima: mahali wengi hupotea

Hati ya bima ya mali hutaja kiasi cha bima, yaani thamani ya juu ambayo kampuni itawajibika. Wapo wanaoandikisha kiasi kidogo ili wapunguze ada, wakidhani kwamba hasara ikiwa ndogo italipwa yote. Sivyo ilivyo. Hati nyingi zina kanuni ya uwiano: ikiwa mali imekatiwa bima kwa thamani iliyo pungufu ya thamani yake halisi siku ya janga, mwenye bima huhesabiwa kuwa amejibebea mwenyewe sehemu iliyopungua, na fidia hupunguzwa kwa uwiano huohuo.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara ana bidhaa zenye thamani ya shilingi milioni 100, lakini amezikatia bima ya shilingi milioni 60. Moto unatokea na kuunguza bidhaa za shilingi milioni 40. Kwa kuwa milioni 40 ni pungufu ya milioni 60, yeye hutarajia kulipwa hasara yote. Hesabu ya kanuni ya uwiano ni hii: milioni 60 zikigawanywa kwa milioni 100, kisha jibu likizidishwa kwa milioni 40, ni shilingi milioni 24. Hati ikitaja pia kiasi ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe katika kila dai, tuseme shilingi milioni moja, atakachopokea ni shilingi milioni 23. Milioni 17 zilizobaki ni hasara yake.

Upungufu huu si lazima utokane na hila. Duka huwa na shehena ya kawaida mwezi Mei, na shehena maradufu kabla ya sikukuu au kabla ya shule kufunguliwa. Bei za bidhaa kutoka nje hupanda, nayo thamani iliyoandikwa mwaka juzi hubaki palepale. Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, kiasi cha bima kihakikiwe kila mwaka wakati wa kuhuisha hati. Pili, mwenye shehena inayopanda na kushuka aulizie bima ambayo humruhusu kutoa taarifa ya thamani ya bidhaa zake mara kwa mara. Tatu, jengo likatiwe bima kwa gharama ya kulijenga upya, ikiwemo kuondoa kifusi na malipo ya wataalamu, si kwa bei ambayo lingeuzwa sokoni pamoja na kiwanja, kiwanja hakiungui.

Kinyume chake, kuandikisha thamani kubwa kupita kiasi hakuleti faida. Bima humrudisha mwenye mali pale alipokuwa kabla ya hasara, haimtajirishi. Mwenye bima ya kampuni mbili kwa mali ileile hatalipwa mara mbili. Kampuni hizo zitagawana fidia moja.

Mpangaji, mwenye nyumba na benki

Mpangaji asidhani kwamba bima ya mwenye nyumba inamkinga. Hati ya mwenye nyumba huhusu jengo. Bidhaa, makabati, samani na maboresho aliyoyafanya mpangaji kwa fedha yake huhitaji hati ya mpangaji mwenyewe.

Aliyekopa benki naye asome kwa makini bima iliyokatwa kwa ajili ya mkopo. Mara nyingi benki huandikwa kuwa mpokeaji wa kwanza wa fidia, na kiasi cha bima huweza kulingana na deni tu, si na mali yote. Moto ukitokea, deni laweza kulipwa na mkopaji akabaki bila mtaji wa kuanza upya.

Biashara inaposimama

Fidia ya jengo na bidhaa hailipi mishahara wala kodi ya pango kwa miezi ambayo duka limefungwa. Kazi hiyo hufanywa na bima ya kusimama kwa biashara, ambayo hufidia faida iliyopotea na gharama zisizokoma. Kwa kawaida kinga hii hufuata bima ya mali: kampuni hulipa iwapo biashara imesimama kwa sababu ya uharibifu uliokingwa. Jambo la kuangalia zaidi ni muda wa fidia. Mwenye kiwanda ambacho hujengwa upya kwa mwaka mzima akichagua miezi mitatu kwa sababu ada yake ni ndogo, atakuwa bila kipato kwa miezi tisa.

Dhima: madhara yanapowapata wengine

Bima ya dhima haimlipi mwenye bima. Huwalipa wale aliowadhuru, pale ambapo sheria inamtia hatiani kuwafidia, na kwa kawaida hugharimia pia utetezi wake mahakamani. Aina zake kuu ni dhima kwa umma, dhima ya bidhaa, dhima ya mwajiri na dhima ya kitaaluma.

Tuone tukio moja. Mtungi wa gesi unalipuka katika jiko la mgahawa. Jiko linaungua, mteja anajeruhiwa, mpishi anajeruhiwa, na duka la jirani linashika moto. Jiko hulipwa na bima ya moto ya mgahawa, ikiwa mlipuko wa namna hiyo umekingwa. Mteja na jirani hulipwa na bima ya dhima kwa umma, ikiwa uzembe wa mgahawa umethibitika. Mpishi huhudumiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri analazimika kisheria kuuchangia. Mauzo yaliyopotea wakati wa ukarabati hulipwa na bima ya kusimama kwa biashara. Mwenye mgahawa aliye na bima ya moto peke yake atajenga upya jiko lake, kisha huenda akaliuza ili amlipe jirani.

Bima ya dhima huwa na ukomo wa malipo kwa tukio moja na ukomo kwa mwaka mzima. Ikiwa ukomo ni shilingi milioni 50 kwa tukio, na mahakama ikaamuru milioni 80, milioni 30 zitatoka mfukoni mwa mwenye bima. Dhima ya kitaaluma, inayowahusu wahandisi, wahasibu, mawakili na wengineo, ina sharti lake: hati nyingi hukinga madai yanayowasilishwa wakati hati ingali hai, hata kama kosa lilitendeka awali. Anayestaafu au kufunga ofisi asiache hati hiyo ife bila kuuliza namna ya kujikinga dhidi ya madai yatakayokuja baadaye.

Wajibu wa mwenye bima

Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli. Mwombaji analazimika kueleza kila jambo linaloweza kuathiri uamuzi wa kampuni: hasara zilizopita, aina ya ujenzi, vitu vinavyohifadhiwa, na shughuli za majirani walio katika jengo hilohilo. Duka la nguo likigeuzwa kuwa ghala la rangi na magodoro katikati ya mwaka, kampuni ijulishwe kwa maandishi. Kunyamaza kwaweza kuubatilisha mkataba.

Hati pia huwa na masharti ya kutimizwa kila siku: mitungi ya kuzimia moto iliyokaguliwa, mlinzi wa usiku, vitabu vya hesabu vinavyotunzwa. Nakala za risiti za EFD, ankara na orodha ya bidhaa zihifadhiwe nje ya duka. Ushahidi unaoungua pamoja na mali haumsaidii mdai.

Wakati wa kununua, hakikisha kwamba kampuni, wakala au dalali amesajiliwa. Wakala hufanya kazi kwa niaba ya kampuni. Dalali hufanya kazi kwa niaba ya mteja. Lipa ada kwa kampuni kwa njia rasmi, pata stakabadhi, na usitulie hadi uwe na hati kamili mkononi. Ada isiyolipwa haizai kinga.

Hasara inapotokea

1. Okoa maisha kwanza. Piga simu 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na utoe taarifa polisi.

2. Ijulishe kampuni ya bima mara moja, kwa maandishi. Hati hutaja muda, usiusubiri uishe.

3. Zuia hasara isiendelee, lakini usitupe mabaki wala kukarabati kabla ya ukaguzi. Piga picha.

4. Mpe mkadiria hasara vielelezo vyote. Kumbuka kwamba ameteuliwa na kampuni, na kwamba una haki ya kuhoji hesabu zake.

5. Mtu aliyedhurika akikudai, usikiri kosa wala kuahidi malipo. Mpe pole, mpatie msaada wa kibinadamu, na uifikishie kampuni yako ya bima barua zote.

6. Usitie saini hati ya kukubali malipo ya mwisho kabla ya kuielewa. Saini hiyo kwa kawaida hufunga dai.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi pamoja na kifungu cha hati kilichotumika. Usiporidhika, lalamika kwanza kwa uongozi wa kampuni. Kisha waweza kupeleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na hatimaye mahakamani.

Kabla ya kuhuisha hati yako mwaka huu, kaa nayo mezani na ujibu maswali manne: Majanga gani yameandikwa? Kiasi cha bima kinalingana na thamani ya leo? Nani atawalipa wateja, majirani na wafanyakazi wangu wakidhurika? Biashara ikifungwa, tutaishi kwa nini na kwa muda gani? Swali ambalo hati haina jibu lake, mpelekee wakala au dalali wako, na jibu lake ulipokee kwa maandishi.