Mafuta ya Alizeti, Mkopo wa Asilimia 10 na Shilingi ya Mkazi

Mkoa wa Singida unafahamika nchini kwa kilimo cha alizeti, na mashine ndogo za kukamua mafuta zimesambaa katika vijiji na miji yake midogo. Hata hivyo, si ajabu kukuta kaya inayolima alizeti ikipikia mafuta ya mawese yaliyotoka ng'ambo, ilhali mashine iliyo jirani imefungwa kwa kukosa wateja. Wapo wakazi walioamua kununua mahitaji yao kwa wafanyabiashara wadogo wa kata zao tu. Makala hii inaeleza uamuzi huo unaleta nini, unamgusa nani, na mipaka yake ni ipi.

Fedha inavyozunguka

Mkazi anaponunua lita moja ya mafuta yaliyokamuliwa katani, malipo yake hugawanyika. Sehemu humfikia mkulima aliyeuza mbegu, sehemu huwa ujira wa kijana anayeendesha mashine, na sehemu humbakia mwenye mashine. Mashudu nayo hununuliwa na wafugaji kwa ajili ya ng'ombe, nguruwe na kuku. Mkulima akishalipwa, humpelekea fundi cherehani kitambaa cha sare za watoto. Fundi naye hununua unga, na mwenye duka la unga hulipa pango. Shilingi ileile imewahudumia watu kadhaa kabla ya kuondoka wilayani.

Si fedha yote inayobaki. Umeme au dizeli ya mashine hulipiwa nje ya kata, vivyo hivyo chupa na vipuri. Kwa upande mwingine, mkazi anayenunua mafuta ya ng'ombo ya madukani, hata kama duka ni la jirani yake, huiachia kata faida ndogo ya muuzaji peke yake. Kwa hiyo mnunuzi makini hujiuliza maswali mawili: duka ni la nani, na bidhaa imetengenezwa wapi.

Mkopo unaosubiri mteja

Suala hili linagusa moja kwa moja mikopo inayotolewa na halmashauri. Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Marejesho ya kikundi kimoja ndiyo yanayowezesha kikundi kingine kukopeshwa.

Mwezi Aprili 2023 Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo hiyo ili kurekebisha usimamizi wake, baada ya kubainika kasoro zikiwemo fedha zisizorejeshwa. Utoaji ulirejea katika mwaka wa fedha 2024/2025 kwa utaratibu mpya. Uhakiki wa vikundi ni kazi ya wataalamu, lakini hakuna uhakiki unaoweza kukiletea kikundi wateja. Kikundi cha wanawake kinachotengeneza sabuni kikikosa wanunuzi kwa miezi mitatu, rejesho hukwama, na kikundi kilicho nyuma yake katika foleni husubiri. Mkazi anayenunua mche wa sabuni hiyo anachangia rejesho bila kuingia katika ofisi yoyote.

Deni la dukani

Wafanyabiashara wadogo wengi hawalalamikii ukosefu wa wateja pekee. Hulalamikia pia wateja wanaopeleka fedha taslimu mjini na kuleta deni kwa jirani. Daftari la madeni linapojaa, mwenye duka hukosa mtaji wa kujaza rafu; rafu zikiwa tupu, hata mteja mwaminifu huenda kwingine. Mkopo wa dukani ni msaada mkubwa kwa kaya zinazosubiri mavuno, na hakuna sababu ya kuubeza. Lakini msaada huo hudumu pale tu mkopaji anapolipa kwa tarehe aliyoahidi.

Haki ya mnunuzi

Ujirani hauondoi wajibu wa muuzaji. Wakazi wengi walioacha kununua katani walifanya hivyo kwa sababu za msingi: kipimo kilichopungua, bidhaa isiyofanana na ya wiki iliyopita, au fundi aliyepokea malipo ya awali na kuchelewesha kazi. Kabla ya kulipa, mkazi anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Uhakiki hufanyika kila mwaka na mizani huwekewa alama.

2. Mafuta ya kula yawe katika chombo safi kilichofungwa, yasiwe yameanikwa juani kando ya barabara. Lebo ioneshe jina la mzalishaji na tarehe. Alama ya TBS ni uthibitisho wa ubora.

3. Bei ilinganishwe pamoja na nauli. Bidhaa iliyo nafuu mjini inaweza kuwa ghali zaidi ikijumlishwa na gharama ya bodaboda ya kwenda na kurudi.

4. Kazi ya fundi iandikiwe makubaliano mafupi yenye bei, vipimo na tarehe ya kukabidhi.

Mzalishaji mdogo anayetaka alama ya TBS huanzia SIDO, ambayo humpatia ushauri na barua ya utambulisho. Mnunuzi anayemweleza mzalishaji kasoro ya bidhaa humsaidia kuliko yule anayenyamaza na kuhama.

Pale isipowezekana

Kununua kwa wafanyabiashara wadogo pekee hakuwezekani kwa kila kitu. Simu, mabati na vipuri hutengenezwa mbali. Dawa za binadamu zinunuliwe katika duka lenye kibali, na mbegu za kupanda ziwe na lebo ya TOSCI, hata kama muuzaji asiye na vitu hivyo ni ndugu. Kaya yenye kipato kidogo nayo haipaswi kulaumiwa kwa kufuata bei nafuu. Hatua inayowezekana kwa wengi ni kuchagua bidhaa mbili au tatu zinazotumika kila wiki, kama mafuta, unga na sabuni, na kuzinunua kwa mzalishaji wa kata mwaka mzima. Mzalishaji mwenye wateja wa kudumu, hata wakiwa wachache, anaweza kupanga uzalishaji wake.

Taasisi za umma nazo ni wanunuzi. Sheria ya Ununuzi wa Umma inazitaka zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ili kunufaika, kikundi kinapaswa kusajiliwa katika mfumo wa NeST.

Vikundi vinavyohitaji maelezo kuhusu mikopo au usajili vimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Mkazi mwenye malalamiko ya kipimo anaweza kuyafikisha kwa Mtendaji wa Kata au katika ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa.