Co-op ama coop? Kistari kidogo kinachotenga wakulima na kuku

Makoperative ya kahawa na kakao huku mashariki yanapotafuta wanunuzi wa inje, mara nyingi yanakutana na barua za Kiingereza. Ndani yake kuna neno moja fupi: co-op. Ukiandika kile kistari cha katikati, ambacho wengi wanaita tire, unasema shirika ya watu. Ukikiondoa inabaki coop, na kwa msomaji wa Kiingereza hiyo ni banda ya kuku.

Juu ya nini kistari kidogo kinageuza maana? Co-op ni kifupisho cha cooperative. «Co» inatoka Kilatini, maana yake ni pamoja. Sehemu inayofuata inahusu kazi. Ni kusema: kufanya kazi pamoja. Lakini kwa Kiingereza, o mbili zikifuatana mara nyingi zinasomwa «u», kama vile watu wanavyotamka Pool Malebo. Kistari kinamwambia msomaji asimame kidogo: «ko-op». Bila kistari, atasoma «kup».

Neno refu halina shida hiyo. Waingereza wengi wanaandika co-operative, Wamarekani wanaandika cooperative, na yote mbili inaeleweka. Ni kile kifupisho ndicho kinaleta fujo, na ndiyo maana hata Wamarekani mara nyingi wanakiachia kistari chake. Kwa Kifaransa hakuna hatari, kwa sababu banda ya kuku ni poulailler. Hata maduka makubwa ya Uswisi na Italia yanaitwa Coop, bila kistari, na hakuna mtu anayecheka.

Co-op yenyewe ina maana zaidi ya moja. Kule Uingereza, watu wengi wakisikia neno hilo wanafikiri duka. Katika mwaka wa 1844, mu muji wa Rochdale, wafanyakazi 28, wengine wao wafumaji wa nguo, walichanga pesa wakafungua duka la unga, siagi na sukari. Kila mwanamemba alikuwa na sauti moja, na faida iligawanywa kufuatana na kiasi alichonunua. Mu New York, co-op ni jengo ambalo wakaaji wake wana hisa katika kampuni inayolimiliki. Kwa vijana wanaocheza michezo ya kompyuta, ni kucheza upande mmoja, siyo kupigana.

Kwetu Congo kuna jambo lingine la kuchunga. Inchi iliingia katika OHADA mwaka wa 2012, na sheria ya OHADA ya 2010 juu ya makoperative inatambua aina mbili. SCOOPS inaweza kuanzishwa na watu 5 na kuendelea. COOP-CA, yenye baraza la usimamizi, inaomba watu 15 na kuendelea. Ona vizuri: katika COOP-CA kistari kipo, lakini kiko nyuma ya COOP. Hayo ni maandishi ya Kifaransa na ya sheria. Kusiwe mtu wa kuyageuza «CO-OP» eti ndiyo Kiingereza sawasawa.

Basi namna gani ya kuandika? Jina la koperative liandikwe herufi kwa herufi kama liko katika statuti, hata kama barua nzima ni ya Kiingereza. Pale ambapo mwandishi anaeleza tu kwamba hiyo ni koperative, aandike cooperative kwa urefu, ama co-op na kistari chake. Na kama simu ndiyo imetafsiri barua, mtu asome tena kabla ya kutuma.

Mnunuzi akiona coop katika emaili, anaweza kucheka na kuelewa. Lakini jina la kontra likikosa kufanana na jina la statuti na la banki, hapo si kicheko tena: malipo ya wakulima yanaweza kukawia mpaka makaratasi yatengenezwe.